Kinywa cha Mjane

Sidonie alikuwa mwanamke wa kupendwa, na nalisema hilo mapema ili msije mkamchukia kabla ya wakati wake. Alizaliwa Likasi, akafika Brussels mwaka 1999 na sanduku moja na diploma ya uuguzi ambayo Wabelgiji waliisoma, wakaigeuza nyuma, wakamrudishia. Akaanza upya. Akasomea kuhudumia wazee, akapata kazi katika nyumba moja ya wazee huko Ganshoren, mtaa uliotulia kiasi kwamba ukipiga chafya mtu anachungulia nyuma ya pazia. Kazi yenyewe mnaijua: kuosha, kuvalisha, kulisha, kusikiliza kisa kile kile cha vita mara mia na kushangaa kila mara. Sidonie aliweza. Kulikuwa na vikongwe waliokataa kuguswa na mkono mweusi, na hao hao ndio waliokuja kumlilia akienda likizo.

Yeye ndiye aliyemwingiza Bibiane kazini, mwaka 2003. Bibiane alitoka Kolwezi, mtu mpole, mwenye sauti ya chini, asiyejua kukataa jambo. Mumewe, Kalenga, alikuwa mrefu wa kuinama milangoni, na walikuwa na mtoto mmoja tu, Chloé. Sidonie hakujaliwa mtoto, kwa hiyo alipoombwa kuwa mama wa ubatizo wa Chloé alilia kanisani hadi padri akasimama kumsubiri. Tangu siku ile hakumwita tena Bibiane kwa jina. Alimwita Mama Chloé. Waliishi mitaa miwili mbali, Molenbeek, wakaenda kazini pamoja, wakala chakula cha mchana kwenye bakuli moja la plastiki.

Sasa twende kwenye ile wiki ya Februari 2008. Sidonie alikuwa na mwaliko wa ubatizo Charleroi, kwa binamu yake, na kitenge kilikwisha kushonwa. Lakini Jumamosi ile ilikuwa zamu yake. Siku ya Ijumaa, wakiwa wanakunja mashuka, akamwambia mwenzake:

"Mama Chloé, unishikie samedi. Mi nitakushikia dimanche mbili."

Bibiane alisita. "Papa Chloé hajisikie muzuri tangu jana, jeudi. Nilimuambia tuende ku docteur, amekataa."

"Ni grippe, mafua tu, bantu bote beko nayo. Kitenge iko tayari, vraiment. Nisaidie."

Bibiane akakubali. Kwenye ile karatasi ya zamu iliyobandikwa karibu na jiko, jina la Sidonie likakatwa, na juu yake likaandikwa la Bibiane kwa kalamu ya kijani. Mambo yenyewe ndiyo hayo, wala hayakuwa makubwa.

Jumamosi adhuhuri Kalenga alimwomba binti yake maji. Chloé aliporudi na kikombe alimkuta baba amelala kwenye vigae vya jikoni. Alikuwa na miaka tisa. Akampigia mama simu mara kumi na moja, lakini simu za wafanyakazi zilifungiwa kabatini, ndiyo ilikuwa amri ya kazi. Akampigia mama yake wa ubatizo mara tatu. Sidonie alikuwa Charleroi anacheza, mkoba wake uko chini ya kiti. Jirani ndiye aliyesikia mtoto akipiga kelele. Moyo wa Kalenga ulikuwa umekwisha kusimama.

Lazima niwaeleze desturi ya ukoo wa Kalenga, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata. Kwao mjane hasemi matangani. Anakaa mkekani, amejifunga kitambaa kichwani, na maneno yakija anayatazama tu. Na maneno huja, kwa kuwa ndugu wa marehemu wana haki ya kuuliza. Anayejibu ni mwanamke mmoja aliyeketi ubavuni mwake, aliyechaguliwa na mjane mwenyewe. Humwita kinywa cha mjane. Huyo asipomtetea, basi tena, kwa sababu mjane akijifungulia mdomo mwenyewe watu husema hana uchungu. Walikuja na desturi hiyo kutoka Katanga, kama walivyokuja na michi na vinu vyao. Bibiane alipoulizwa anamtaka nani, hakufikiri hata kidogo.

Matanga yalifanyika kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa, Molenbeek. Mkeka ulikuwa wa plastiki, umenunuliwa siku ile ile kwa Wamoroko wa barabarani. Bibiane na Sidonie wakaketi, magoti yao yakigusana. Mbele yao viti kama themanini, na katikati kaka mkubwa wa marehemu, Tonton Antoine, mtu wa suti na miwani, aliyeendesha maneno.

Alianza Mujinga, binamu wa marehemu. Alisema ndugu yao alikonda, kila mtu aliliona, ila mke wake peke yake. Akafuata Marie-Jeanne, akasema Alhamisi ile ile alimwona Bibiane sokoni anacheka. Mwingine akasema huyu mwanamke tangu zamani anapenda kazi kuliko nyumba. Mwanamume mmoja, ambaye nina hakika hakuwahi kunywa hata chai kwa Kalenga, alisimama akalalamika kwamba marehemu alikuwa akivaa soksi zilizotoboka. Na watu wakaguna, soksi nazo zikawa kosa.

Mambo ya namna hii huenda hivyo hivyo kila mahali. Wa kwanza kumshambulia mtu anahitaji sababu, au angalau ujasiri. Wa pili anahitaji wa kwanza. Kuanzia wa tatu na kuendelea hakuna anayehitaji chochote, wanagombania zamu tu, na kila mmoja anarusha kijineno chake juu ya mengine, na akirudi kitini anajiona amefanya kazi. Sijui kwa nini mwanadamu hupata raha hapo, lakini hupata. Bibiane alitazama mikono yake. Chloé alikuwa ameketi safu ya mbele na shangazi yake Myriam, dada wa Kalenga, ameshika andazi asilolila.

Tonton Antoine akainua mkono.

"Bon. Bantu bamesema. Sasa tunaita kinywa ya mjane. Maman Sidonie, weye njo rafiki yake. Muntu iko mugonjwa ku nyumba, bibi yake anaenda ku kazi, anamuacha na katoto ka neuf ans. Ulimuambia abakie, ao hapana?"

Jibu lilikuwa fupi. Alikuwa ananishikia zamu yangu. Sidonie alilipanga tangu asubuhi, akalisema kimoyomoyo njia nzima. Goti la Bibiane lilikuwa limetulia kwenye goti lake, goti la mtu asiye na wasiwasi na jirani yake.

Lakini akainua macho akauona ukumbi. Aliwaona Mujinga na Marie-Jeanne wameinama mbele, wanangoja. Aliona viti themanini vitakavyomgeukia. Kumbe ni wewe. Ulikuwa unacheza Charleroi na kitenge kipya, ndugu yetu anakufa. Aliyasikia kabla hayajasemwa, na akajua soksi yake yeye itapatikana pia.

"Nilimuambia," Sidonie akasema. "Nilimuambia, Mama Chloé, bakia ku nyumba. Hakusikia."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Bibiane hakupiga kelele, hakusema neno, kwa kuwa desturi haikumruhusu. Aligeuza kichwa tu, akamtazama Sidonie kwa muda, kisha akausogeza mguu wake pembeni. Chloé akaweka andazi chini ya kiti. Baadaye Sidonie angesahau mengi ya siku ile, hilo andazi hakulisahau.

Wakirudi nyumbani kwa tramu, mumewe Hénock hakufungua kinywa mpaka kituo cha tatu. Hénock alikuwa mlinzi wa ofisi kubwa karibu na Schuman, mtu wa kusimama mlangoni kwa saa nane bila kusema, na alikuwa naye Charleroi. Alijua kila kitu.

"Sidonie. Ulisema nini pale?"

"Nilisema kile bantu bote balikuwa banasema."

Hénock akatazama dirishani. Hakuuliza tena, si siku ile wala mwaka ule, na wakati mwingine Sidonie alitamani amfokee.

Jumatatu karatasi ya zamu ilikuwa bado ukutani, jina lake limekatwa, kalamu ya kijani juu. Jumatatu iliyofuata wakabandika nyingine.

Myriam alimchukua Chloé kwenda naye Namur kwa likizo ya juma moja. Juma likaisha, ikaja Pasaka, halafu shule ikapatikana huko huko. Sheria ilikuwa upande wa Bibiane, angeweza kwenda na karatasi akamdai mtoto wake. Alikwenda, bila karatasi. Mtoto akamwambia mlangoni kwa Kifaransa kwamba hataki, maman alimwacha papa afe, hata marraine, mama yake wa ubatizo, alimwambia abaki akakataa. Bibiane akarudi na treni ya jioni. Angeweza kumweleza mtoto, mtasema. Alimweleza. Lakini nani anamsadiki mshtakiwa anapojitetea mwenyewe, na ushahidi umetolewa na rafiki yake?

Kazini Bibiane aliomba kuhamishiwa ghorofa ya tatu. Walipokutana kwenye lifti alisema, "Bonjour, Sidonie," kama wasemavyo Wabelgiji, akashuka. Miaka saba. Hakumsema kwa mtu, hakumkwepa, hakumkosea adabu. Sidonie angependelea kofi. Wiki za kwanza alimwendea mara mbili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na mara mbili alijikuta anazungumzia mashuka.

Na sikilizeni uchungu wa dunia hii. Jina la Sidonie likapanda. Watu walisema yule mama hapindi kweli, hata kwa rafiki yake kipenzi hakupinda. Wajane wakaanza kumwomba akae nao mkekani. Naye alikaa. Aliwatetea kwa moto ambao haujaonekana Molenbeek. Ukimsema vibaya mjane aliyekaa na Sidonie, utarudi kitini umejikunyata. Mara moja alimnyamazisha mzee mzima kwa kumuuliza mbele za watu ni lini mara ya mwisho alimpigia marehemu simu. Watu wakampigia makofi. Akifika nyumbani alikuwa anaingia bafuni, anafungulia maji, na Hénock aliongeza sauti ya televisheni ili asimsikie akilia.

Mwaka 2015, majani yalipoanza kuanguka, ikasikika kwamba Bibiane ana uvimbe tumboni na madaktari wamekwisha kuacha kuahidi. Sidonie alipika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese, akabeba sufuria, akapanda ngazi zile alizokuwa hajazipanda tangu matanga. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya muuguzi. Bibiane alikuwa kitandani karibu na dirisha, amebaki mdogo, macho ni yale yale.

"Bonjour, Sidonie. Weka pale ku meza."

Sidonie aliweka. Kisha akapiga magoti juu ya zulia, akaanza kusema maneno ambayo hata yeye hakuyaelewa. Bibiane alimngoja amalize.

"Bale bengine bote nilishabasamehe," akasema. "Mujinga, Marie-Jeanne, Antoine. Hata ule papa wa soksi. Bale habakujua. Weye ulijua."

"Niliogopa, Mama Chloé."

"Najua uliogopa. Mi nilikuwa pembeni yako, nilisikia goti yako inatetemeka. Mi nilikuwa na woga kukupita." Akapumzika kidogo. "Simama. Sina kazi na magoti. Chloé anakuya dimanche, à quatorze heures. Assistante sociale, ule mama wa ustawi wa jamii, njo alimubembeleza. Anakuya mara moja tu, amesema. Ukuye na weye, umuambie mbele yangu. Ile tu njo nataka."

"Nitakuya."

"Sidonie."

"Nitakuya. Naapa."

Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule Bibiane alinyoosha mkono, akaugusa ukingo wa kitenge cha mwenzake, akakikunja kwa vidole kana kwamba anapima kitambaa. Akasema sombe inanukia vizuri.

Jumapili Sidonie alivaa, akavua, akavaa tena. Alitoka nyumbani mapema. Alifika kwenye kona ya mtaa wa Bibiane saa nane kasoro dakika kumi, akasimama mbele ya duka la kufulia nguo lililofungwa. Akamwona Chloé akija kutoka metro. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kama Kalenga, koti jeusi limefungwa vifungo hadi shingoni. Msichana akabonyeza kengele, akaingia.

Ngoja wasalimiane kwanza, Sidonie akajiambia. Mama na mtoto hawajaonana miaka, nitawaingilia vipi. Niwape nusu saa. Ni sababu nzuri, na yeyote angeikubali. Mimi naijua ilitoka wapi. Ilitoka kwa yule yule Sidonie aliyeuogopa ukumbi wa viti themanini, na safari hii ukumbi wote ulikuwa msichana mmoja.

Robo saa baadaye mlango ukafunguka. Chloé akatoka, koti bado limefungwa hadi shingoni, akapita upande wa pili wa barabara akitazama simu yake. Angemwita, angesikia. Hakumwita. Na baada ya hapo hakuwa na uso wa kupanda zile ngazi, akaiambia nafsi yake kwamba atakwenda kesho, au keshokutwa. Jumanne asubuhi Bibiane akafariki, muuguzi akiwa jikoni anachemsha maji.

Ukumbi ulikuwa ule ule wa nyuma ya kanisa. Tonton Antoine alikuja, sasa anatembelea fimbo, kwa kuwa marehemu alibaki mke wa ukoo. Mujinga alikuja, Marie-Jeanne alikuja, walivaa vitenge vya msiba na walilia vizuri. Mkeka haukutandikwa, kwa kuwa hakukuwa na mjane. Chloé aliketi mbele, na koti lake, karibu na Myriam.

"Kuko muntu iko na neno juu ya maman Bibiane?" Antoine akauliza.

Sidonie akasimama. Hénock, aliyekuwa karibu naye, akamtazama, kisha akasogeza kiti chake ili apite. Akaenda mbele akasema yote. Zamu, kitenge, kalamu ya kijani, simu ya mtoto iliyolia mara tatu chini ya kiti, na neno alilosema mkekani. Hakujiongezea wala hakujipunguzia.

"Kumbe!" Mujinga akaanza. "Kumbe njo weye!"

"Mi nilijua," akafuata Marie-Jeanne. "Siku zote nilisema, ule mama iko na kitu."

Wakaja. Nyoka. Muuaji wa watu wawili. Mtu akakumbusha kwamba hata kuzaa hakuzaa, Mungu anaona. Mwingine akasema kile kitenge alikiona, kilikuwa cha majivuno. Walikuwa wale wale, kwa sauti zile zile, kwenye viti vile vile, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba yeye naye alirusha lake juu ya Bibiane. Sidonie alisimama, mikono chini. Hakujitetea. Hénock alifika akasimama nyuma yake, bila kusema, kama alivyozoea.

"Munyamaze."

Ilikuwa sauti ya Chloé. Kiswahili chake kilikuwa kimekauka, alikitafuta neno kwa neno.

"Mulisema bote. Nilikuwa pale. Nilikuwa na neuf ans, nilisikia muntu na muntu. Tonton, hata weye. Munyamaze sasa."

Wakanyamaza. Wengine walitazama viatu vyao. Sidonie alihisi kitu kama shukrani kinampanda kifuani, akamgeukia mtoto wake wa ubatizo, na msichana alikuwa akimtazama bila hasira, anafikiria jambo.

"Dimanche," Chloé akasema. "Ulijua nilikuwa kule?"

"Nilijua."

"Ulikuwa wapi?"

"Ku coin ya rue. Nilikuona unaingia. Nilikuona unatoka."

Chloé akatikisa kichwa polepole. Mkono wake ulikwenda kwenye kifungo cha juu cha koti, ukakishika.

"Aliniambia nivue manteau," akasema. "Aliniambia, ngoja kidogo, kuko muntu anakuya. Alisema vile mara tatu. Nikamuambia niko na train."